Programu ya ukoo iliyomwandika marehemu bibi yangu kuwa yu hai

Kama mtu angeniuliza siku ile ya hitima, ningemjibu kwamba programu hii asiiguse kabisa. Tulikuwa tumekusanyika Kilwa Kivinje kumsomea babu, nami nilikuwa nimechapisha mti wetu wa ukoo kwenye karatasi kubwa ili wazee wauone na wanisahihishe. Shangazi yangu alivaa miwani, akapitisha kidole kutoka kwenye jina lake hadi kwa baba yake, kisha akakisogeza pembeni, mahali ambapo jina la mama yake lilipaswa kuwapo. Hapakuwa na jina. Palikuwa na neno moja tu: "Hai".

"Mwanangu," aliniuliza, "huyu mama ambaye juzi nimetoka kumpalilia kaburi, hapa mmemwandika nini?" Sikuwa na la kumjibu.

Programu inamhesabu kila asiye na tarehe ya kifo kuwa yu hai, isipokuwa kama tarehe yake ya kuzaliwa inaonyesha kwamba amepita miaka 110, na inapochapisha huyaficha majina ya walio hai ili kulinda faragha yao. Nia hiyo naiunga mkono, kwa maana nami sitaki habari za watoto wangu zizagae ovyo. Lakini bibi hana tarehe hata moja. Alifariki shangazi akiwa bado wa kubebwa mgongoni, na linalojulikana kwa yakini ni kwamba ilikuwa kabla ya uhuru.

Niliwaandikia wahudumu kwa adabu, nikaeleza yote haya, nao wakanijibu kwa mstari mmoja, bila hata salamu, kwamba nijaze 1 Januari 1900 kwa kila mtu ambaye sijui alizaliwa lini. Nilijaribu kwa babu yake mama, Mmatumbi aliyeuawa katika Vita vya Maji Maji, ambavyo vilianzia huko huko Umatumbi mwaka 1905, akaacha mjane na watoto 4. Papo hapo ikajitokeza alama nyekundu ya onyo, kwa kuwa sasa marehemu amekuwa mtoto wa miaka 5 mwenye watoto. Afadhali hilo lilionekana. Tarehe ngapi za uongo hazitoi onyo lolote, zikakaa humo zikifanana na za kweli, hadi mjukuu atakayezikuta baadaye azinakili na kuziamini? Ushauri huo uliniudhi kuliko kosa lenyewe.

Hata hivyo sipendi kudhulumu. Baada ya siku kadhaa za kuhangaika niligundua kwamba chini kabisa ya ukurasa wa kuhariri kuna kisanduku cha kuonyesha kuwa mtu amefariki ingawa tarehe haijulikani, na kwamba mahali pa tarehe panakubali "kabla ya 1961" au "kati ya 1905 na 1907", yaani namna ile ile wazee wetu wanavyozikumbuka nyakati. Nilikaa usiku kucha nikiweka alama kwa mmoja baada ya mwingine, na majina yao yote yakarudi. Asubuhi ile ningeipa nyota 4 bila kusita.

Kisha nikamtumia binamu yangu aliyeko Maskati faili la GEDCOM, yaani la muundo wa kuhamishia mti wa ukoo kutoka programu moja hadi nyingine, akalifungua kwenye programu anayoitumia yeye, na bibi akawa hai tena. Nililifungua faili hilo kama maandishi ya kawaida, nikalisoma mstari kwa mstari, na kwenye kifo cha bibi nikakuta "1 DEAT", basi. Kanuni za GEDCOM 5.5.1 zinataka herufi Y ifuate hapo pale ambapo kifo kinajulikana lakini tarehe na mahali havijulikani. Isipokuwapo, programu inayopokea haijaambiwa kwamba kifo kilitokea. Herufi moja tu, na watu wanalipia kitu hiki! Nilizijaza zote kwa mkono ndipo binamu akawaona marehemu wetu wakiwa marehemu.

Bado naitumia, kwa sababu ukoo wangu wote umo humo, na shangazi nimemchapishia karatasi nyingine yenye jina kamili la mama yake. Wahudumu nimewaandikia tena kuhusu herufi hiyo na kuwanakilia mstari wenyewe. Wakiurekebisha, nitarudi kuzibadilisha nyota hizi 2.