Shiti ya HR na ya CR: nilivyoziona karakanani

Nina karakana ya kuchomelea Buguruni, Dar es Salaam. Kazi zetu nyingi ni mageti, makabati ya ofisini na masanduku ya vifaa. Shiti za chuma za futi nane kwa nne tunazifuata Gerezani, na swali la muuzaji ni lilelile: unataka HR (hot rolled, iliyopitishwa kwenye rola ikiwa ya moto) au CR (cold rolled, iliyopitishwa ikiwa ya baridi)? Vijana wanaoanza kazi hutazama bei tu. HR ni nafuu, basi wanapakia.

Asili yake ni moja. Kiwandani chuma hupashwa hadi kama nyuzijoto 1,200 za Selsiasi, kisha hupitishwa kwenye rola kikiwa bado chekundu mpaka kiwe chembamba. Kikipoa, ndiyo HR hiyo. CR ni HR iliyoendelezwa: huoshwa kwa asidi ili magamba, yaani ile ngozi iliyojengeka juu ya chuma kikiwa cha moto, yatoke, halafu hupitishwa kwenye rola tena ikiwa ya baridi. Kazi hiyo ya ziada ndiyo unayolipia.

Ukiigusa tu utaijua. CR ni laini, ina mng'ao kiasi, na inakuachia mafuta mkononi. HR ina ngozi ya kijivu iliyokoza, yenye ubluu kwa mbali, na ngozi hiyo ndiyo inayotuchosha kuliko kitu kingine chochote. Ikunje kwenye mashine uone: pale kwenye kona magamba yanachanika na kumwagika chini kama maganda ya kitunguu. Ukipaka rangi juu yake bila kuyatoa, rangi imeshika gamba, haijashika chuma. Gamba likiachia linaondoka na rangi yako, na hewa yetu ya pwani haichelewi kuleta kutu. Hata kuchomelea, usiposafisha mstari wa kuchomelea kwanza, moto unarukaruka na mshono unatoka mchafu. Kwa hiyo HR inadai grainda na diski ya msasa kabla ya praima, ile rangi ya kwanza ya kutangulizia. Piga hesabu ya diski, umeme na kibarua, uone ule unafuu umebaki kiasi gani. Kwenye geti zito bado upo. Kwenye kabati la milango minne, mimi siuoni.

Unene nao una habari yake. CR ya milimita 1.2 nikiipima kwa venia, huku na kule namba hazipishani sana. HR huyumba zaidi, na kwenye droo na milango inayotakiwa kukaa sambamba, mteja ataliona hilo kabla hujamwonyesha.

Wauzaji huisifia CR kwamba ina nguvu zaidi. Hapo sikubaliani nao moja kwa moja. Ni kweli kubanwa na rola kikiwa baridi hukifanya chuma kikakamae, lakini shiti za CR za kukunja hurudishwa kwenye tanuri ili zilainike, la sivyo zingepasuka kwenye kona. DC01, gredi ya kawaida kabisa ya CR, inaweza kuanza kupinda bila kurudi popote kati ya megapaskali (kipimo cha nguvu ya chuma) 140 na 280. S235, gredi ya HR, kwenye unene tunaotumia sisi haitakiwi kushuka chini ya 235. Anayekuuzia CR kwa hoja ya nguvu, mwombe kwanza cheti cha kiwandani. Mimi nailipia kwa ajili ya uso wake na mikunjo yake, basi.

Bamba nene halina mjadala. Milimita 6, 8 au 10, za kukalia nguzo au kushikia bawaba za geti, ni HR. CR ya madukani mara nyingi haizidi milimita 3. Jiandae tu kubeba: bamba zima la futi nane kwa nne la milimita 6 lina kama kilo 140, si la kupandisha kwenye bajaji.

CR nayo ina kisirani chake. Haina gamba la kuikinga hata kidogo, kwa hiyo mafuta yakifutika, unyevu wa usiku tu unatosha kuitia madoa ya kahawia. Zangu hukaa ndani, juu ya mbao, na mafuta tunayafuta kwa thina siku ileile ya kupiga praima.