TAHADHARI: Muuza vinanda Kariakoo anauza feki ndani ya boksi la Yamaha

Jamani, naandika hapa mikono inatetemeka kwa hasira. Yule kaka wa vinanda anayejitangaza kwa mapambio ni TAPELI. Jina la akaunti njooni inbox, hapa admin atafuta.

Mnajua nilivyohangaika kumtafutia mwanangu Neema kinanda. Tulishauriwa Yamaha PSR-E373: vitufe 61, ukibonyeza kwa nguvu sauti inakuwa kubwa, ukigusa taratibu inapungua, mtoto azoee mkono wa piano. Nikamtajia hicho hicho. "Kipo dada, kipya kabisa."

Na msiseme sikukagua. Nilienda dukani mwenyewe, nikapewa stuli na soda. Akakiwasha, akaweka vidole, wimbo ukatoka mtamu mpaka wapita njia wakasimama. Kumbe ni demo, wimbo uliorekodiwa humo humo ndani, inajipiga, yeye anapapasa vitufe juu juu! Simu ikaita, akanyanyua mkono kupokea, wimbo unaendelea. Akacheka: "Hiyo ni staili dada, inajiendesha." Ungebisha wewe? Si kweli vinanda vina midundo inayojiendesha? Huku ananiuliza mtoto yuko darasa la ngapi, anamwombea.

Nyumbani Neema akabonyeza kwa nguvu, akabonyeza taratibu, sauti ile ile kama kengele ya geti. Akahesabu vitufe: 54. Neno Yamaha nikalikwangua kwa ukucha, likabanduka lote, chini yake kuna jina sijawahi kulisikia. Tundu la kuunganisha na kompyuta ni pambo, waya hauingii.

Nimempigia, eti "si ulijaribu ukaridhika?" Halafu akaniblock.

Huyu akamatwe! Duka lipigwe kufuli, arudishe hela yote na nauli ya bajaji, na amwombe Neema msamaha mbele ya watu. Ndiyo, bei yake ilikuwa chini kuliko maduka yote niliyouliza, na lipa namba ilileta jina la mwanamke, na risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, eti mashine mbovu. Hakuniruhusu kubonyeza mwenyewe wala kuzima hiyo demo. Lakini ndiyo umwibie mtoto? Mtu wa hivyo alale ndani, tena na hilo pambio lake!

Kesho asubuhi naenda kituo cha Msimbazi. Wengine mliouziwa na huyu, njooni na maboksi yenu.