Bocchi the Rock!: Kicheko Kinachojua Hofu Inakaa Wapi

Katika kipindi cha pili cha Bocchi the Rock!, anime (katuni ya Kijapani ya televisheni), msichana wa sekondari anajitumbukiza kwenye maji ya barafu bafuni kwao usiku, akitumaini kwamba kufikia asubuhi atakuwa ameshikwa na homa na hivyo kuponea siku yake ya kwanza kazini. Mwili unamsaliti kwa kukataa kuugua. Anakwenda kazini, anahudumia wateja vinywaji huku amejikunyata chini ya kaunta, anajikaza mpaka zamu inakwisha, na homa aliyoiomba inamjia baada ya hapo, wakati haina faida yoyote. Nilicheka mpaka nikalazimika kusimamisha picha, kisha nikanyamaza kidogo, kwa sababu hesabu za kutafuta maradhi ili kukwepa watu si ngeni kwangu, ingawa sikuwahi kufika kwenye barafu.

Anime hii yenye vipindi 12 ilitengenezwa na studio ya CloverWorks chini ya uongozaji wa Keiichirō Saitō, kutokana na manga (hadithi ya katuni iliyochapishwa) ya Aki Hamaji, na ilirushwa nchini Japani kuanzia Oktoba hadi Desemba 2022. Mhusika wake mkuu, Hitori Gotoh, amepiga gitaa chumbani saa sita kwa siku kwa muda wa miaka mitatu, na video anazoziweka mtandaoni kwa jina la guitarhero zinasifiwa na watu wasiomjua hata kwa sura. Shuleni hana rafiki hata mmoja, na shule yenyewe aliichagua kwa kuwa iko mwendo wa saa mbili kutoka nyumbani, mahali ambapo hakuna anayejua jinsi alivyokuwa zamani. Siku moja anaokotwa bustanini na mpiga ngoma anayehitaji mpiga gitaa kwa dharura, anapelekwa kwenye ukumbi mdogo wa muziki uitwao STARRY katika mtaa wa Shimokitazawa, Tokyo, na huko anapewa jina la utani la Bocchi, linalotokana na neno la Kijapani la kumtaja mtu aliye peke yake kabisa. Mwingine angelichukulia kuwa ni tusi. Yeye analipokea kwa furaha, maana hajawahi kupewa jina la utani na mtu yeyote.

Swali ninaloiuliza kila kazi ya vichekesho ya aina hii ni moja tu: mtazamaji anaombwa acheke nini? Ni rahisi mno kumweka mtu mwoga mbele ya darasa, akababaika, wenzake wakaangua kicheko, nasi tukacheka pamoja nao. Bocchi the Rock! haifanyi hivyo. Dunia inayomzunguka Hitori imechorwa kwa utulivu, na watu waliomo ni wa kawaida, wengi wao wapole. Kinachochekesha ni safari ambayo akili yake inaifunga kutoka kwenye neno dogo alilosikia mpaka kwenye maangamizi aliyojitungia mwenyewe. Mtu anamwuliza swali jepesi, na hapo hapo uso wake unayeyuka, viungo vinaachana, rangi zinabadilika, mtindo wa uchoraji unavunjika, na kuna nyakati ambapo wachoraji wanaiacha kabisa katuni na kutumia picha halisi za kamera. Kisha tunarudishwa chumbani, ambako sekunde tatu tu zimepita na aliyeuliza bado anasubiri jibu. Pengo hilo kati ya sekunde tatu za nje na karne nzima ya ndani ndilo kiini cha ucheshi wake. Watengenezaji wameelewa pia kwamba mateso makubwa ya mtu wa namna hii hutokea kabla ya tukio, anapolingoja, na baada yake, anapolala akijirudishia maneno aliyoyasema. Tukio lenyewe mara nyingi huwa fupi na halina la ajabu.

Hata hivyo, jambo lililonifanya niiheshimu kazi hii ni kwamba haimgeuzi Hitori kuwa malaika mnyonge. Anaogopa kutazamwa, na wakati huo huo anatamani kutazamwa na dunia nzima. Anaota akihojiwa kama nyota, anapanga kuacha shule umaarufu ukimfikia, na sifa ndogo ikimgusa, tamaa yake ya kukubaliwa inavimba kichwani mwake na kuwa dubwana linalotamba mjini kama yale ya filamu za zamani za Kijapani. Wanaoandika kuhusu watu wenye haya hupenda kulisahau jambo hili. Mtu asiyejali hukumu ya wenzake hana sababu ya kutetemeka mbele yao. Anayetetemeka ni yule anayeitaka sana hukumu hiyo imwendee vizuri. Daktari Shōma Morita (1874–1938), Mjapani aliyeichunguza kwa kina hofu ya kukabiliana na watu, inayojulikana kwao kama taijin kyōfu, alifundisha kwamba hofu ya mgonjwa na hamu yake ya kuishi vizuri ni pande mbili za kitu kimoja. Dubwana la Hitori linasema maneno hayo hayo, ila linayasema huku likikanyaga majengo.

Muziki nao umetumiwa kwa akili. Mpiga gitaa hodari wa chumbani anageuka kuwa dhaifu pindi anapopiga na wenzake, na sababu inaeleweka: kupiga pamoja kunadai macho yakutane na masikio yasikilize, naye macho yake yako sakafuni. Onyesho lake la kwanza analipiga akiwa amejificha ndani ya boksi la maembe. Katika kipindi cha sita anapiga barabarani bila boksi, amefumba macho, mpaka anapokumbuka alichoambiwa na mpiga gitaa la besi Kikuri Hiroi, kwamba watu walio mbele yake si maadui, na hapo anathubutu kufungua jicho moja tu. Sauti ya gitaa inabadilika papo hapo. Hakuna hotuba wala machozi, ni jicho moja na nyuzi sita, na sijaona mahali pengine ambapo hatua ndogo kiasi hicho imepewa uzito wake kamili.

Bahati mbaya Kikuri huyo huyo ndiye anayebeba kasoro ninayoona ugumu kuisamehe. Naye aliwahi kuwa mtu wa kujitenga, na dawa aliyoipata ni pombe. Analewa asubuhi, analewa jukwaani, na anime inalichukulia hilo kama mzaha wa kudumu. Waandishi waliokuwa waangalifu kiasi hicho na hofu ya Hitori wangeweza kutulia hapo hata kwa dakika moja. Kasoro ya pili ni kwamba Hitori ana kipaji kikubwa mno. Watu wanamngoja na kumvumilia, na mtazamaji hana budi kujiuliza kama wangemngoja hivyo angekuwa hajui kupiga chochote.

Nikiiweka kando ya anime nyingine za watu wenye haya, Komi Can't Communicate ya mwaka 2021 inaanza kwa tukio zuri sana, ambapo msichana asiyeweza kutamka neno anazungumza na mwenzake kwa chaki mpaka ubao unajaa, lakini baadaye inajaza darasa vituko hadi ukimya wake unakuwa pambo tu. WataMote ya mwaka 2013 ni kali kuliko zote. Inaonyesha kwamba mtu aliyetengwa naye anaweza kuwa na kiburi na kuwadharau wenzake, na kuna vipindi nilivyovitazama kwa kupenya katikati ya vidole.

Mwaka 2024 zilitoka filamu mbili za muhtasari wa Bocchi the Rock!, lakini nashauri mtu aanze na vipindi vyenyewe, vikiwa na sauti ya Kijapani na maandishi ya tafsiri, kwa kuwa milio ya Yoshino Aoyama, mwigizaji wa sauti ya Hitori, kuanzia kukwama kwa pumzi hadi vilio visivyo na herufi, haina tafsiri. Kipindi cha mwisho kinampeleka kwenye tamasha la shule, ambako gitaa linamharibikia katikati ya wimbo, anajiokoa kwa ustadi wa ajabu, kisha kwa kihoro cha kutakiwa aseme chochote kwenye maikrofoni anajirusha kwa watazamaji, nao wanasogea kando. Siku chache baadaye anatoka nyumbani na gitaa jipya mgongoni, akilalamika kwamba leo tena kuna kazi. Safari hii hakutafuta barafu.