Senti 20 ya Marekani: kabla hujalipa, omba picha ya ukingo

Niliponunua senti 20 ya fedha ya 1875 nilijiona nimeokota dodo chini ya mwarobaini. Picha za mbele na nyuma hazikuwa na doa. Ilipofika nikapitisha ukucha ukingoni: juu ya kichwa cha Liberty, yule mwanamke aliyechorwa mbele kama alama ya uhuru, pamebonyea kidogo, tena panang'aa kuliko kwingine. Palikuwa na lehemu hapo. Kuna mtu aliivaa shingoni, mwingine akaja akaipiga tupa.

Huu ndio ugonjwa wa sarafu hii. Robo dola ina meno ukingoni, ukiitia tupa yanakatika na kila mtu anaona. Senti 20 haina meno; fundi anasugua, anang'arisha, basi. Na huo ulaini uliwekwa ili isichanganywe na robo! Haukusaidia. Upana wake milimita 22, robo 24.3, Liberty ameketi vilevile, watu wakawa wanapunjana chenji. Seneta John P. Jones wa Nevada aliipigania, sheria ikapita 1875, 1878 ikafutwa.

Kwangu namba moja ni 1875-S ya San Francisco. Zilipigwa zaidi ya milioni moja, kwa hiyo una nafasi ya kuchagua. Tafuta ya kijivu ambayo LIBERTY kwenye ngao bado inasomeka, maana maandishi hayo yamenyanyuka na ndiyo yanayolika mapema. Namba mbili ni 1875-CC ya Carson City, 133,290 tu. Za Philadelphia nazipa namba tatu. Za 1877 na 1878 zilipigwa kwa ajili ya wakusanyaji peke yao, 510 na 600, na 1876-CC karibu zote 10,000 ziliyeyushwa, kwa hiyo hiyo iache kwa matajiri. Zilizotobolewa ni za bei rahisi. Zipite.

Mimi nanunua zilizo kwenye kasha la PCGS, kampuni ya kukagua sarafu, sifichi. Wakikuta ukingo umepigwa tupa wanaandika kwenye lebo. Isiyo kwenye kasha ipime kwa mizani ya sonara: mpya ni gramu 5. Ikiwa sura haijalika lakini uzito umepungua sana, jiulize fedha imekwenda wapi.

Muuzaji wangu nilipomwomba picha ya ukingo alijibu, “Dada, sarafu ina pande mbili.” Na bei alikuwa ameiongeza kwa sababu ya neno “adimu”, kwa sarafu iliyopigwa milioni moja.