Uzoefu wangu: kikosi kimoja, gemu nne, kutoka Pool of Radiance hadi Pools of Darkness

Nitatoa hukumu yangu kwanza, kwa ajili ya wale watakaosoma aya moja na kuondoka. Ukinunua gemu za Gold Box, mfululizo wa gemu za kompyuta za kuigiza wahusika kutoka kampuni ya SSI, usizicheze moja moja kana kwamba hazijuani. Anza na Pool of Radiance ya mwaka 1988, imalize, halafu wavushe watu wako wote sita waingie Curse of the Azure Bonds ya 1989, kisha Secret of the Silver Blades ya 1990, hadi Pools of Darkness ya 1991. Kila moja ina uzuri wake. Lakini ukizipitia zote na watu walewale, unapata kitu ambacho mimi sijakipata kwenye gemu yoyote ya siku hizi, na nimecheza nyingi.

Nimezicheza hapa Nairobi, nyumbani Umoja, kwenye laptopu ya ex-UK isiyo na nguvu za ajabu. Hazihitaji zaidi ya hapo. Ni gemu za enzi za DOS, zinatembea ndani ya DOSBox, programu inayoiga kompyuta za enzi hizo, na kuzipakua hakumalizi bando. Nilichukua toleo la Steam, duka la gemu la mtandaoni, lililotoka 2022, nikalipa kwa kadi ya Visa ya mtandaoni inayotolewa kupitia M-Pesa. Jiandae kwa jambo moja tu: kibodi. Vita vyake ni vya zamu, juu ya uwanja wa miraba, na mtu anapotembea kimshazari unabonyeza 7, 9, 1 au 3 kwenye zile namba za pembeni. Laptopu nyingi ndogo hazina namba hizo. Nilishuka Luthuli Avenue nikanunua kibodi ndogo ya namba ya kuchomeka kwa USB, na tangu hapo vita vikawa raha.

Sasa tuje kwa watu wenyewe. Pool of Radiance inakukabidhi ukumbi mtupu na kukuambia uunde kikosi. Hakuna anayekuandikia hadithi zao. Unachagua kabila, kazi na jina, unapaka rangi kile kikatuni kidogo kitakachosimama vitani, basi. Mimi niliwapa majina ya huku kwetu: Wanjiru mchawi, Halima kuhani, Otieno na Mumo wapiganaji, Kiprono mwizi, na Baraka, mbilikimo mwenye shoka. Mpwa wangu alikuwa amekaa kando yangu nikiwaunda, na tangu siku ile akifika nyumbani, hata kabla ya kuketi, huuliza, "Mjomba, Halima bado yuko hai?"

Swali lake lina uzito, kwa sababu mwanzoni wanakufa ovyo. Mchawi wa ngazi ya kwanza ana uchawi mmoja tu wa kutumia, kisha hadi apumzike ni mtu aliyeshika fimbo. Baraza la mji wa Phlan linawatuma mkasafishe mitaa ya zamani iliyotekwa na majini na majambazi, mtaa baada ya mtaa, na kuna chumba kimoja mtaa wa mabanda chenye mazimwi ya kimo kikubwa ambacho kimezika vikosi vingi vya wageni. Kufika pale ambapo Wanjiru anarusha mpira wa moto kwa mara ya kwanza, ukasafisha nusu ya uwanja kwa zamu moja, ni jasho. Ndipo gemu inapomfungia: mchawi hawezi kupita ngazi ya 6 katika Pool of Radiance, mpiganaji anaishia 8. Umemlea mtu hadi kilele cha gemu, na unajua waziwazi kwamba bado ana safari mbele yake. Kikomo kile, ambacho kingeudhi mahali pengine, hapa kinakuelekeza kwenye gemu ya pili.

Kuvusha kwenyewe zamani kulikuwa kazi ya mikono. Ulimtoa mhusika kwenye kikosi, gemu ikamwandika kama faili peke yake kwenye diski, kisha gemu ya pili ikaulizwa itafute faili hilo. Kwa toleo la sasa kuna programu ndogo ya kuzindulia inayokusaidia kuhamisha wahusika kati ya gemu, lakini msingi ni uleule: kila mtu ni faili lake, na ndani yake mna jina, sifa, pointi za uhai, uzoefu na uchawi alioandika kitabuni. Kwa hiyo si lazima uwavushe wote pamoja. Unaweza kumwacha mmoja nyuma. Hiyo ndiyo sehemu niliyoitafakari kuliko vita vyote, na nitairudia chini kidogo.

Curse of the Azure Bonds inafungua namna hii: watu wako wanaamka katika mji wa Tilverton, hawakumbuki kilichowapata, mali yao yote imekwenda, na kila mmoja ana chale tano za rangi ya samawati mkononi. Nilisimamisha gemu nikacheka kwa furaha. Waandishi walikuwa na shida halisi. Kikosi kinachotoka gemu ya kwanza kimejaa panga za uchawi na deraya za thamani, na ukikiruhusu kuingia hivyo, theluthi ya kwanza ya gemu ya pili haina maana. Wangeweza kufuta vitu vyako kimyakimya. Badala yake waliufanya wizi huo kuwa kiini cha hadithi. Unataka kujua nani amekufanyia hivi, na hasira uliyonayo ni yako kweli, kwa sababu upanga ule ulikuwa umeupigania mwenyewe. Mtu anayeanza Curse na wahusika wapya anasoma maandishi yaleyale, lakini yeye hajaibiwa chochote.

Chale tano zina mabwana watano, na mmoja wao ni Tyranthraxus. Aliyemaliza Pool of Radiance anamjua: ndiye yule pepo aliyekuwa amevaa mwili wa joka la shaba katika kasri la Valjevo, vita vya mwisho kabisa. Ulimshinda. Sasa yuko kwenye magofu ya Myth Drannor ndani ya mwili mwingine. Yaani adui naye amevuka. Otieno alipokutana naye tena nilijikuta nimesogea mbele kwenye kiti, kwa sababu huyu Otieno ndiye aliyempiga dharuba ya mwisho kule Phlan, na hakuna mwandishi wa Marekani aliyepanga hilo. Waliweka joka na kasri tu. Kisa cha kisasi kilitokana na faili langu.

Kuna vitu vidogo pia ambavyo anayevuka huvihisi zaidi. Katika Pool of Radiance, baada ya kila vita unapanga kambi, kuhani anakariri uponyaji, mnalala, anamponya mmoja mmoja, anakariri tena, mnalala tena. Inachosha, sitaficha. Curse ilileta amri iitwayo FIX: unaibonyeza mara moja na gemu inafanya mzunguko huo wote yenyewe. Baada ya gemu nzima ya kumlaza na kumwamsha Halima, nilishukuru.

Sasa lile suala la nani abaki. Gemu hizi zinafuata kanuni za Advanced Dungeons & Dragons za toleo la kwanza, yaani za ile gemu ya mezani ya kuigiza wahusika, na kanuni hizo zina ubaguzi mmoja mkubwa: binadamu anaendelea kupanda, makabila mengine yana dari. Mbilikimo mpiganaji, hata mwenye nguvu kamili, husimama ngazi ya 9. Elfi mchawi husimama 11. Katika gemu ya kwanza hulioni hilo, kwa sababu dari ya gemu yenyewe iko chini zaidi, na mbilikimo pale ni mtu wa faida tupu. Linakujia katikati ya Curse, na ukifika Silver Blades wenzake wanapanda huku yeye amesimama palepale. Hapo wazoefu wengi humwacha, na huenda ikawa busara kwa sababu Curse inaruhusu pia kuunda wapiganaji watakatifu na wawindaji wa porini, kazi mbili ambazo hazikuwepo katika Pool of Radiance. Nafasi ya Baraka ingeweza kuchukuliwa na mwindaji mwenye ngazi zisizo na dari.

Sikumwacha. Nilimvusha hadi ya tatu na hadi ya nne. Katika Pools of Darkness, ambako wachawi wanarusha vitu vya kutisha na ngazi zinakwenda mbali hadi 40, Baraka alikuwa mtu wa kulindwa. Kila vita nilimweka nyuma karibu na Halima. Gemu ilikuwa ngumu zaidi kwa uamuzi huo, na ningeufanya tena, kwa sababu alikuwepo tangu mtaa wa mabanda. Hata hivyo, kwa mtu anayeanza leo na anayetaka kufika mwisho bila kuteseka, ushauri wangu ni huu: binadamu wanne angalau, na ukitaka mbilikimo au elfi, jua mapema kwamba umechagua mzigo. Mtengenezaji angelieleza jambo hili waziwazi kwenye ukurasa wa kuunda kikosi ingesaidia sana. Kwa jinsi lilivyo, mtu analigundua akiwa tayari amempenda mhusika.

Watu huniambia kwamba Baldur's Gate, mfululizo mwingine wa aina hii, ilifanya jambo hilihili la kuvusha wahusika vizuri zaidi. Naipenda Baldur's Gate, ya kwanza ya 1998 na ya pili ya 2000, na kuna utamu wake: vile vitabu vinavyoongeza sifa za mhusika vinabaki na faida yake, na ile suruali ya dhahabu ya ajabu kutoka nyumba ya wageni ya Friendly Arm ina kazi katika gemu ya pili kwa mtu aliyeihifadhi. Lakini anayevuka ni mmoja, wewe mhusika mkuu. Wenzako wanapangwa na waandishi. Gemu ya pili ikianza unaamka gerezani, na Jaheira, Minsc na Imoen wapo, hata kama safari yako yote uliifanya na watu wengine. Khalid na Dynaheir wamekufa, hata kama hukuwahi kuwachukua au wewe ndiwe uliyewaleta salama hadi mwisho. Hadithi inakuwa nzuri zaidi, nakubali kabisa. Ila si hadithi ya kikosi changu, na mimi katika jambo hili nina msimamo: afadhali watu sita wasio na maneno ambao ni wangu.

Wizardry, mfululizo mwingine wa gemu za kuigiza wahusika, nayo ilitangulia zote. Ya kwanza ilitoka 1981, na ya pili, ya 1982, ilitengenezwa kwa ajili ya wahusika waliokwisha komaa katika ile ya kwanza. Ya tatu, 1983, ilipata njia ambayo bado naiona ya ajabu: unaowacheza ni wazao wa kikosi chako cha zamani, wanaoanza upya ngazi ya kwanza. Sijaimaliza, kwa hiyo siipimi hapa.

Nakala za akiba. Hili lifanye kweli. Mtaani kwetu stima hupotea bila taarifa, na betri za laptopu za mtumba zinajulikana. Kabla ya kila kuvuka nilikuwa nanakili folda nzima ya gemu kwenye flashi, nikaandika jina la gemu na mahali nilipofika. Pia usivuke mara tu baada ya vita vya mwisho. Pool of Radiance inakuruhusu kuendelea kucheza ukishashinda, kwa hiyo rudi mjini, wapeleke wote ukumbi wa mafunzo wapande ngazi walizostahili, kisha ndipo uwahamishe. Ingawa vitu utanyang'anywa Tilverton, ngazi hakuna atakayekunyang'anya.

Silver Blades ndiyo dhaifu kati ya nne. Mapango marefu, vita vingi vinavyofanana, na hadithi nyembamba. Ingekuwa gemu ya kujitegemea nisingeimaliza; niliimaliza kwa sababu nilikuwa nawapeleka watu wangu mahali. Na mahali penyewe palistahili. Pools of Darkness inawarudisha Phlan, mji uleule waliousafisha wakiwa hawana kitu, na muda si muda maafa yanaukumba mji wenyewe. Mpwa wangu aliitambua ramani kabla yangu, akasema, "Mjomba, si hapa ndipo Wanjiru alikuwa anakufakufa?" Ndipo hapo. Wanjiru sasa ni mchawi ambaye majoka yanamkwepa.

Kwa atakayenunua: kama mfuko unaruhusu moja tu, chukua Pool of Radiance, ndiyo yenye pumzi ya kukufanya uwajali watu wako, na hizo nyingine zitasubiri. Vitabu vya mwongozo vinakuja kama PDF. Viweke kwenye simu, maana gemu itakuambia mara kwa mara usome ingizo la namba fulani kwenye jarida, na bila hilo hadithi inakatika. Picha ni za kizamani kabisa, sauti ni chache. Mpwa wangu amekwisha kuunda kikosi chake cha kwanza wiki hii. Ana elfi wawili. Nimemweleza habari ya dari, akanisikiliza hadi mwisho, na elfi wake wote wawili bado wapo.