Nimepunguza uzito wa flaiwili: pesa imerudi?

Sijuti. Lakini kama ningelipia kushusha giaboksi kwa ajili ya hilo peke yake, ningejilaumu mpaka leo. Klachi ilikuwa imekwisha, giaboksi lazima ishuke, nikasema basi nimalize kiu yangu kwa mkupuo mmoja.

Flaiwili, yaani lile gurudumu zito la chuma lililo kati ya injini na giaboksi ambalo klachi hushikana nalo, yangu ilikuwa kilo 8. Fundi wa kukereza akaifunga kwenye mashine, akanyoa upande unaotazama injini, tena ukingoni, katikati hakugusa. Nilimuuliza kwa nini. Ni kwamba chuma kikiwa mbali na katikati mara mbili, ugumu wa kukizungusha unakuwa mara nne, kwa hiyo kilo ya ukingoni ndiyo ya kuondoa. Ikatoka na kilo 5, ikapelekwa balansi, yaani kusawazishwa ili isitikisike ikizunguka. Kwenye balansi usibanie pesa hata kidogo.

Siku ya kwanza nilikuwa kama mtoto. Gusa mafuta, resi (mizunguko ya injini) juu, achia, zimeshuka. Kurudisha gia kutoka ya nne kwenda ya tatu kabla ya kona kukawa kutamu, kwa sababu injini inaitika papo hapo. Nikajiona nimeongeza nguvu.

Wapi! Nguvu ni zile zile. Nilikaa na kalamu nikapiga hesabu: kwa uwiano wa gia za gari langu, kilo 3 zile kwenye gia ya kwanza ni sawa na kumshusha abiria wa kilo 70 hivi. Kwenye gia ya tano zinabaki kama kilo 5, yaani mfuko wa unga. Ukiwa barabara kuu kwa mwendo ule ule, hupati kitu. Sikio ndilo linalodanganywa.

Sasa karaha zake. Flaiwili nzito hutunza mzunguko kati ya mlipuko wa silinda moja na nyingine, na injini ya silinda 4 inaitegemea sana kwenye resi za chini. Yangu sasa, ikiwa imesimama na kiyoyozi kinafanya kazi, inatetemeka mpaka kioo cha pembeni. Giaboksi nayo inagonga-gonga ikiwa huru. Ukikanyaga klachi, kimya. Foleni ya mlimani ndiyo adhabu yenyewe: ukiachia klachi bila kupandisha resi, gari limezima, na wa nyuma yako honi haimtoki mkononi. Ukiipandisha mno, unasikia harufu ya klachi, maana chuma kilichobaki ni kidogo na kinawahi kupata moto.

Kama gari lako lina flaiwili ya vipande viwili yenye springi ndani, hiyo haikerezwi, achana nayo. Na ya chuma cha kumimina isinyolewe mpaka ikawa chapati. Ikipasuka kwenye resi za juu, vipande vinatoboa hadi miguuni kwa dereva. Ukitaka nyepesi kweli, nunua ya feleji (steel) iliyotengenezwa nyepesi tangu mwanzo, hata kama ni ghali zaidi.

Mimi nimeizoea. Mke wangu aliendesha mara moja, likamzimikia mara tatu kabla hajatoka getini. Akanirudishia ufunguo, akaniambia nimtafutie la otomatiki.