Nguo za Watoto Wadogo: Zipi Zitangulie Kununuliwa

Katika mwaka wake wa kwanza mtoto huongezeka urefu kwa takriban sentimita 25, na uzito wake hukaribia mara tatu ya ule aliozaliwa nao. Kwa hiyo nguo humbana kabla haijachakaa. Ndiyo sababu, kwa mtoto ambaye hajatimiza mwaka, ninaweka nafasi ya kwanza nguo zilizokwisha kuvaliwa, ziwe za mitumba au za kurithi kwa ndugu. Nyingi zimevaliwa mara chache tu, na kama ni za pamba, zimeshafuliwa na kusinyaa kadiri ya kusinyaa kwake.

Zikague kwenye mwanga. Nyoosha shingo ya nguo kisha uiachie, na ikibaki imelegea, irudishe. Vuta kila kifungo kwa nguvu, kwa kuwa kinachong'oka mkononi mwako kitang'oka pia mdomoni mwa mtoto na kumkaba. Soksi zigeuze nje ndani ukate nyuzi zilizolegea, maana uzi mmoja huweza kujizungusha kwenye kidole cha mguu na kuzuia damu, huku mzazi asijue mtoto analilia nini. Nguo yenye kamba shingoni usiinunue kabisa, hata ikiwa nzuri namna gani.

Nafasi ya pili ni nguo mpya za pamba zisizo na mapambo, zinazouzwa kwa pakiti. Zifue kabla ya kumvisha, ili kuondoa mabaki ya kemikali za kiwandani, na uchague saizi iliyozidi kidogo. Lebo ya miezi hupotosha, kwa sababu watoto wa umri mmoja hawalingani. Inayotaja sentimita ni ya kuaminika zaidi, ambapo 62 humaanisha mtoto wa urefu wa karibu sentimita 62.

Fundi cherehani namweka wa tatu, akiombwa aache pindo pana la kufumuliwa baadaye. Za mwisho ni nguo za mtoko za poliesta, ambazo hazinyonyi jasho na huvaliwa mara mbili tatu tu.

Mtoto akishapita miaka miwili, mpangilio huu hubadilika kwa suruali: za mitumba huwa zimeliwa magotini, hivyo ni afadhali kununua mpya yenye kitambaa kizito. Makoti na masweta yabaki ya mitumba.